Chozi wa Mzee wa Studio

Ukigonga mlango wa Mzee wa Studio asubuhi ya kiangazi, salamu zilibidi zisubiri. Alifungua mlango kidogo tu, akaweka kidole kwenye midomo yake, akanong'ona, "Usipumue." Huvui viatu, hutoi shikamoo, husemi kilichokuleta, mpaka ndege aje au jua lihame. Mara ya kwanza nilidhani kuna mgonjwa ndani. Nilisimama pale nikiwa na bakuli la maandazi ya mama, pumzi nimeibana kwelikweli, hadi masikio yakaanza kuvuma. Baadaye akaniambia ilikuwa namna ya kusema tu, na kwamba ningeweza kuanguka na kumharibia asubuhi.

Tulitenganishwa na ukuta mmoja, ghorofa ya tatu, katika jengo la kupanga kule Don Mills, Toronto, ambalo mgongo wake unatazama bonde lenye miti. Mimi niliishi na mama. Nilifanya kazi kwenye ghala la mizigo ya ndege kule Malton, zamu ya mchana, kwa hiyo asubuhi zangu zilikuwa wazi, naye akazichukua zote bila kuomba. Alikuwa amewahi kuwa na studio ya picha Iringa, na Watanzania wote waliomfahamu, Waislamu kwa Wakristo, Waafrika kwa Wahindi, walimwita Mzee wa Studio. Sikuwahi kusikia mtu akimwita vingine, isipokuwa mwanawe, aliyemwita Daddy kwenye simu.

Mama alimpenda kwa sababu ya Kiswahili chake. Mimi nililetwa Toronto nikiwa na miaka sita, nikawa mmoja wa wale watoto wanaoambiwa "njoo ule" na kujibu "in a minute." Mama alipambana nami miaka kumi na tano, kisha akanikabidhi upande wa pili wa ukuta. "Nenda kwa yule Mhindi akufundishe lugha ya mama yako," alisema, "mimi nimenyoosha mikono." Kiswahili hiki ninachoandika sasa, nusu yake ni kazi ya Mzee, na nusu nyingine ni kelele za mama.

Kando ya mlango wake, kwenye msumari, kilining'inia kitana kilichofungwa uzi. Iringa kilikuwa cha wateja, wachane nywele kabla ya kukaa mbele ya kamera, naye alisafiri nacho. Kila aliyeingia alichana nywele, hata msimamizi wa jengo siku alipokuja kumgombeza kwa kutundika chupa ya maji ya sukari ya ndege kwenye roshani. Nilimwona kwa macho yangu yule mtu mnene, ana karatasi ya onyo mkononi, akichana upara wake. Ile karatasi hakuitoa, na chupa ikabaki.

Chupa ile ilikuwa na mdomo mwekundu, na maji yake aliyapika yeye mwenyewe, sukari kikombe kimoja kwa vikombe vinne vya maji. Alikuwa na kisukari. Chai yake ilikuwa chungu ya kukunja uso, na huku ndege wakipikiwa sharubati kila siku ya pili. Mwenyewe alivaa koti la suti juu ya pajama, akajifunga vifungo vyote, akaketi nyuma ya kamera yenye miguu mitatu. Ndege alimwita mteja. "Mteja amechelewa leo," alisema, na usoni alikuwa na ile subira ya mfanyabiashara aliyekwisha kuudhika.

Mteja mwenyewe ni yule ndege wa huku, mdogo kuliko kidole gumba, mwenye mdomo kama sindano, anayening'inia hewani huku mbawa zake hazionekani kwa kasi. Anafika Toronto mwezi wa tano na kuondoka kabla ya baridi. Dume ana koo jekundu, lakini wekundu ule hautoki bure. Jua lisipompiga kutoka mgongoni kwa mtazamaji, koo ni jeusi kama sizi. Likimpiga sawasawa, linawaka kama kaa la moto. Na roshani ya Mzee ilipata jua hilo kwa muda mfupi tu, tangu linapovuka paa la jengo jirani mpaka linapoingia nyuma ya mti. Chai yangu haikuwahi kupoa katika muda ule. Picha aliyoitafuta miaka yote niliyomfahamu ilibidi ipatikane humo.

Nilimwuliza, kama kila mtu angalimwuliza, kwa nini asitumie flashi. Alitoa kopo la biskuti kabatini. Ndani mlikuwa na flashi yake ya zamani, imefutwa vumbi, ina betri mpya.

"Hii imenisomeshea mtoto," akasema. "Sina ugomvi nayo. Lakini miaka thelathini nimewapiga watu mwanga usoni. Maharusi, wanafunzi, wazee wa kitambulisho. Wote wameshtuka. Sina picha hata moja ya mtu ambaye hajashtuka."

Kisha akanionyesha mke wake. Ilikuwa picha ndogo ya pasipoti, mwanamke amekodoa macho kama aliyesikia sufuria imeanguka jikoni. Alifariki muda si mrefu baada ya wao kuhamia Canada, na picha nyingine za maana hazikuwepo, kwa sababu mwenye studio ndiye mtu anayesahau kupiga watu wake. "Huyu alikuwa mtulivu kuliko watu wote niliokaa nao," akasema. "Na hivi ndivyo nilivyomweka." Akanipa kioo cha kukuzia. "Picha anza na macho. Unaona nukta nyeupe katikati ya mboni? Hiyo ni flashi. Angekuwa kwenye jua ungeona mbingu humo, mawingu, dirisha, kitu kikubwa. Hiyo nukta ni mimi. Ni mimi niliyemshtua."

Alitaka, kabla macho yake hayajafumba, apige kiumbe hai kimoja ambacho hakikushtuka. Nilimwambia apige njiwa, wamejaa kila mahali wala hawana habari na mtu. Akaniangalia kwa dharau. "Njiwa hashtuki hata ukimkanyaga," akasema. "Sifa iko wapi?"

Jina la ndege lilituletea vita. Yeye alimwita chozi, kwa sababu ndivyo tunavyomwita yule ndege mdogo wa rangi za kung'aa anayefyonza maua nyumbani, na nje ya studio yake mishubiri ilipochanua walikuja wengi. Mimi nilikuwa nimesoma kwenye mtandao, nikajifanya mjuzi.

"Mzee, it's not even the same family. Kule Afrika hawapo hawa."

"Wamekosa jina, nimewapa."

"Lakini chozi wa Iringa anakaa kwenye tawi. Huyu anaelea."

"Basi huyu ni chozi aliyekosa kiti," akasema, na mjadala ukafungwa.

Kiangazi cha tatu nikamharibia. Siku moja kabla yake nilikuwa nimepunguzwa kazi ghalani, wakaja kunirudisha baada ya mwezi, lakini asubuhi ile sikujua hilo na Mzee alijua nimelala vibaya. Kazi yangu ilikuwa kukaa upande ambao yeye haoni, nimwambie ndege akitoka kwenye miti. Jua likavuka paa. Ndege akatoka, dume, akaja moja kwa moja kwenye chupa, akaning'inia, na koo likawaka. Nilikuwa sijawahi kuliona likiwaka. Nikanong'ona kwa sauti iliyotetemeka:

"Mzee, chozi limetoka!"

Mwenye Kiswahili chake ameshacheka, au ameshahuzunika. Ndege ni kiumbe, chozi ametoka. Likitoka, ni la jichoni. Mzee aliachia kamera, akageuka mzima mzima, akanishika bega, akanitazama usoni kutafuta machozi. "Nini, mwanangu? Nini?" Nyuma ya kichwa chake ndege alikunywa mpaka akatosheka, koo linawaka muda wote, kisha akaenda zake.

Hakunipigia kelele. Afadhali angepiga. Alisubiri mpaka jua lilipoingia nyuma ya mti, kisha akaniadhibu kwa sarufi: wiki nzima, kabla ya chai, sentensi kumi za viumbe. Chozi amekuja, chozi ameruka, chozi amekataa kunisamehe. Mama alisikia ukutani akacheka mpaka akakaa chini. Ilinichukua miaka kuona jambo ambalo ningeliona siku ile ile kama nisingekuwa nimeshughulika na aibu yangu. Alikuwa amemsubiri ndege yule kwa muda wote ule, na aliposikia mimi nalia, alimwacha.

Alikuwa na ubaya wake pia, nisije nikamfanya malaika. Alikuwa mkaidi na mwenye kisirani, na aliweza kumnunia mtu mwezi mzima kwa neno moja. Alisisitiza ukweli katika picha lakini kwenye simu alimdanganya mwanawe kila Jumapili, amekula, amelala, ametembea bondeni. Alinifokea nilipokohoa. Alidai ndege hawezi kuharakishwa, halafu jua likikaribia ule mti mguu wake ulianza kutikisika chini ya kiti, na mimi nikawa siangalii tena ndege, naangalia ule mguu.

Kiangazi cha sita alianza kumimina maji ya sukari pembeni ya chupa. Nilimtania kwamba anawapikia sisimizi. Hakucheka. Nikaanza kugundua kwamba akizungumza nami anatazama sikio langu.

"Katikati pamefutika," akasema, siku nilipouliza. "Nikikutazama usoni, naona nywele na mabega, uso haupo. Nikitazama sikio, uso unarudi kidogo kwa pembeni."

"Daktari amesema nini?"

"Amesema haurudi. Na pembeni nako kunafuata."

Mwanawe alijua. Alikuwa na nyumba Malton, na alikwisha kusema kwamba mwisho wa mwezi wa nane mwaka unaofuata Daddy atahamia kwake, hakuna majadiliano. Kwa hiyo ukawa umebaki msimu mmoja, roshani ile na jua lile la muda mfupi. Mzee alilisema mara moja tu, kiangazi cha saba kilipoanza, akifunga vifungo vya koti. "Kiangazi hiki, au basi."

Na kiangazi kile kilikuwa kibaya. Mwezi wa saba mvua, wa nane mawingu, na madume huondoka mapema kuliko majike, jambo ambalo sote wawili tulilijua na hakuna aliyelitaja. Jumamosi moja jua likatoka kweli. Dume akaja. Nikasema kwa ngeli safi, "Chozi ametoka," na Mzee akageuza kichwa pembeni ili apate kuona, akatafuta, akatafuta, akabonyeza. Ndege alikuwa ameshaondoka. Alipiga picha ya hewa.

"Nimempata?" akauliza.

"Karibu," nikasema.

Huo ulikuwa uongo mdogo. Mkubwa nilimfanyia siku tatu baadaye. Alikuwa amekwenda jamatkhana kusali, na mimi nilikuwa na ufunguo wa kumwagilia maua yake. Mbingu zilikuwa za kijivu. Nikatoa kopo la biskuti, nikapachika flashi juu ya kamera yake, nikamsubiri ndege na nikampiga. Mwanga ulipomgonga alishuka kidogo hewani, kama mtu aliyekosea ngazi, kisha akapotea. Picha ilikuwa ya ajabu, kila unyoya umesimama, koo jekundu. Nikaenda kuichapisha kubwa kama sinia, nikampelekea kwa furaha. Naam, furaha. Nilijiona mtu mwema sana.

"Ni ile ya Jumamosi, Mzee. Ulimpata. Nilitaka kukushtukiza."

Aliichukua mpaka dirishani. Akageuza kichwa, akaweka kioo cha kukuzia, akaanza kuitazama kwa pembe ya jicho, kipande kwa kipande. Alipofika kooni akatabasamu, akaligusa kwa kidole. Mimi nilikuwa nimesahau kwamba hajaanza na macho. Kisha kioo kikapanda kidogo, kikasimama kwenye jicho.

"Jumamosi kulikuwa na jua," akasema.

"Ndiyo."

"Jua la wapi hili, dogo hivi?"

Nilisikia friji ya jikoni kwake ikinguruma.

"Hii umepiga wewe."

"Mzee, I just wanted you to have it before…"

"Sema Kiswahili."

"Nilitaka uipate kabla hujahama."

"Niipate nini?"

Akanirudishia picha. "Umerudia kosa langu la miaka thelathini," akasema, "halafu ukalibandika jina langu." Akanyoosha kiganja. Ilinichukua muda kuelewa kwamba anataka ufunguo.

Mwanawe alikuja kumchukua kabla ya mwisho wa mwezi. Nilisimama nyuma ya mlango wetu nikichungulia kwenye tundu, nikaona masanduku yanapita, nikaona koti la suti linapita, na sikutoka. Niliona haya, na niseme ukweli, nilikuwa na hasira pia. Nilijiambia mzee gani huyu asiyejua zawadi. Walipoondoka nikaona kitana bado kinaning'inia kwenye msumari wake. Nikakichukua. Mama aliniona nikikiweka kwenye droo, akaifunga droo mwenyewe.

Mwaka uliofuata, mwezi wa sita, yule mwanawe akapiga simu. "Samahani kwa usumbufu," akasema, "Daddy anauliza kama wewe ndiye mwenye kitana chake. He won't let it go, anakiulizia kila siku."

Nilikwenda asubuhi, kabla ya zamu. Nyumba iko karibu na uwanja wa ndege kiasi kwamba ndege zikishuka unaweza kuhesabu matairi. Mzee alikuwa uani nyuma, koti juu ya pajama, amepungua. Macho yake hayakutafuta hata sikio langu tena. Mbele yake kamera ilisimama kwenye miguu yake, na kutoka kwenye kamera mpaka kwenye ile chupa ya mdomo mwekundu alikuwa amevuta uzi, ili mikono yake ijue njia.

"Shika," nikasema, nikamwekea kitana mkononi.

Akakipapasa. Akanirudishia. "Chana nywele, kakae pale karibu na chupa. Jua liko mgongoni kwangu?"

"Liko mgongoni kwako."

"Mteja namsikia kwa mbawa," akasema. "Tatizo la huku, ndege zikipita, siwasikii ndege."

Nilichana nywele, nikakaa. Nilikuwa nimejitayarisha njia nzima kwenye basi kutoka Don Mills. "Mzee," nikaanza, "ile picha…"

"Usipumue."

Ndege moja kubwa ikapita juu yetu, vikombe vikatikisika mezani. Ikaenda. Halafu pakawa kimya, na katika kimya kile nikasikia mvumo mdogo upande wa shavu langu. Dume. Alikuwa karibu nami kuliko alivyowahi kuwa, akageuka kwenye chupa, na jua likampiga kooni. Mguu wa Mzee ulikuwa unatikisika chini ya kiti. Ilikuwa kazi yangu kusema. Mwaka mzima wa kujihesabia haki ukanishukia kwa pamoja. Nilijua ndege inayofuata iko njiani, nilikuwa naisikia kwa mbali, na nilishindwa kusema.

"Chozi ametoka?" akauliza, taratibu kabisa.

"Limetoka, Mzee."

Akafungua kinywa kunisahihisha. Akakifunga. Mikono yake ikasogeza kamera kidogo nje ya uzi, kuelekea sauti yangu, akabonyeza mara moja tu.

Ngurumo ikatufunika. Ilipokwisha, ndege wetu hakuwepo. Mzee akafungua kamera kutoka kwenye miguu yake, akanipa. "Niambie," akasema. "Na safari hii usinihurumie."

Nikafuta macho, nikatazama. "Ndege amekatika," nikasema. "Kuna mkia, na bawa moja, na doa jekundu pembeni. Kichwa hakimo."

Akatikisa kichwa kukubali. Nikaona limemuuma, wala hakujaribu kuficha. "Katikati yupo nani?"

"Mimi."

"Macho."

Nikakuza picha mpaka mboni zikajaa. "Kuna mbingu. Kuna ukingo wa paa. Na mtu mdogo amevaa koti."

"Nukta?"

"Hakuna."

"Umeshtuka?"

Nilitazama tena, kwa uangalifu, kwa sababu aliomba ukweli. Uso ulikuwa umelowa, nywele zimechanwa, na ulikuwa unamtazama mtu fulani bila hofu yoyote.

"Sijashtuka, Mzee."

Aliweka mikono juu ya magoti, mguu wake umetulia. Kisha akasema, "Tangu umekuja hujanisalimu."

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba," akaitikia.